Sarafu Isiyonunua Hata Kibaba cha Mchele

Mpenzi msomaji, je, umewahi kujiuliza ni kwa nini sura ya mtu hutiwa katika sarafu? Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Mimi ni mkusanyaji wa sarafu za kale, na swali hilo hunirudia kila ninaposoma habari za Sun Yat-sen wa Uchina.

Sun alizaliwa mwaka wa 1866 kijijini Cuiheng, mkoa wa Guangdong, akahitimu udaktari huko Hong Kong mwaka wa 1892. Badala ya kuendelea kutibu wagonjwa, alijitosa katika harakati za kuung'oa utawala wa kifalme wa Qing. Mnamo 1896 alizuiliwa katika ubalozi wa Uchina jijini London, akaokolewa kwa juhudi za aliyekuwa mwalimu wake, James Cantlie. Januari 1, 1912, aliapishwa kuwa rais wa muda wa jamhuri mpya, na mwaka uo huo akamwachia Yuan Shikai kiti. Alifariki Machi 12, 1925.

Mnamo 1929 serikali ya chama chake, Kuomintang, ilitaka dola mpya ya fedha yenye sura yake. Viwanda vya sarafu vya Uingereza, Marekani, Italia, Austria na Japani vikatakiwa kutengeneza mifano. Upande mmoja palikuwa na Sun. Upande wa pili, jahazi la Kichina lenye milingoti mitatu. Sarafu hizo za mfano zilikuwa chache, wala hazikuingia sokoni. Leo wakusanyaji huzigombea mnadani kwa pesa nyingi mno.

Nilipomsimulia haya binti yangu, ambaye angali mwanafunzi, alinitazama akauliza: "Baba, sarafu isiyonunua hata kibaba cha mchele yamheshimu mtu vipi?"

Swali hilo ni zito, msomaji. Dola iliyotolewa baadaye, mwaka wa 1932, ilikuwa na ndege watatu juu ya jahazi, na jua likichomoza kando. Lakini Japani ilikuwa imeivamia Manchuria Septemba 1931, na Januari 1932 ikaishambulia Shanghai kwa mabomu. Ndege wale wa angani wakaonekana kama ndege za kivita, na jua lile likawa kama la bendera ya Japani. Sarafu hiyo ikaondolewa, na dola za 1933 na 1934 zikapigwa bila ndege wala jua. Hazikudumu pia. Marekani ilipitisha sheria ya kununua madini ya fedha mwaka wa 1934, bei ikapanda, fedha ya Uchina ikamiminika nje. Novemba 1935 nchi hiyo ikaacha fedha na kushika noti.

Basi heshima iko wapi? Kwa maoni yangu, haiko katika uadimu. Iko katika imani ya mama anayepokea sarafu sokoni akijua kesho itamnunulia unga. Sisi Wakenya tulilijadili jambo hili kwa njia yetu: Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote katika noti na sarafu, na sarafu mpya za 2018 zikatoka na wanyama wetu, wakiwemo simba na ndovu.

Neno kwa vijana. Mpwa wangu alitaka kutoa karo yake ya muhula amnunulie mchuuzi mmoja "dola ya Sun". Nilimwomba kwanza tuipime. Dola halisi ya 1934 ina uzito wa gramu 26.7 hivi, na asilimia 88 yake ni fedha. Ile ilikuwa na gramu 19, tena ilinaswa na sumaku, ilhali fedha hainaswi. Karo ikalipwa chuoni. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kusanya sarafu, msomaji, kwa kuwa kila moja ina kisa cha watu walioitumia, au waliokosa kuitumia. Lakini karo na unga vitangulie. Sun mwenyewe aliitaja riziki ya wananchi kuwa mojawapo ya nguzo zake tatu, na sidhani angependa sura yake imkoseshe mwanafunzi masomo.