Rehat na Raha

Katika barabara kuu itokayo Kuala Lumpur kuelekea kaskazini, msafiri hukutana na vibao vilivyoandikwa "Kawasan Rehat". Ni mahali pa kuegesha gari, kusali, kula na kunyoosha miguu. Kawasan ni eneo. Rehat ni mapumziko, na asili yake ni Kiarabu kilekile kilichotupa sisi raha. Wamalei walilipokea neno wakalipa kazi ya kuondoa uchovu. Waswahili tulilivika nguo za sherehe, hata tukisikia mtu yuko rahani hatumdhanii kuwa amelala. Kwa uchovu wetu tulirudi kwenye pumzi, tukapata kupumzika.

Nilikwenda Malaysia mwezi wa Juni kwa mwaliko wa binti yangu anayefanya kazi huko. Mpango wake ulikuwa siku tatu za milimani na siku nne za kisiwani. Wangu ulikuwa mjukuu. Alihamia huko akiwa hajatimiza miaka mitatu, na sasa ana minane. Shuleni anasema Kimalei, nyumbani Kiingereza. Kiswahili chake kilikuwa kimebaki cha simu: shikamoo bibi, nzuri, asante, kwaheri. Nimeifundisha lugha hii zaidi ya miaka 30, na sikuwa tayari kuiona ikikomea kizingitini kwa mwanangu. Uwanja wa ndege mtoto hakusema hata shikamoo. Aliushika mkono wangu, akainama, akaugusisha kwenye paji la uso wake, kama wanavyofunzwa watoto wa Kimalei. Adabu ilikuwapo kamili. Neno ndilo halikuwapo.

Milima ya Cameron, katika jimbo la Pahang, imepewa jina la William Cameron, mpima ardhi wa Kiingereza aliyeifikia mwaka 1885. Baadaye wakoloni waliigeuza kimbilio la kukwepa joto la mabondeni, kama Wajerumani walivyofanya kwetu Lushoto. Mashamba ya chai yalianza mwaka 1929, na leo vilima vimesukwa kwa chai mithili ya mkeka. Mji tuliolala unaitwa Tanah Rata, yaani ardhi tambarare, na uko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Usiku niliomba blanketi la pili. Mengine ya utalii, stroberi na picha za kupigia shambani, nayapita.

Asubuhi ya kwanza nilimuuliza mjukuu wangu watu wa huko husalimianaje. Akasema, "Apa khabar." Apa ni nini, khabar ni habari. Nikamwambia, "Basi sisi husema habari gani." Akanitazama kwa shaka, kama mtu anayedhani anataniwa. Kuanzia hapo tukawinda maneno ndugu, naye akiyaorodhesha kwenye daftari: waktu na wakati, dunia na dunia, sabun na sabuni, kertas na karatasi, nanas na nanasi. Meja na meza, na bendera isiyobadilika hata herufi, zilitufikia sote kwa merikebu za Wareno. Tulipopita penye kibao cha "Gereja" nilicheka peke yangu garini. Kwao ni kanisa. Kwetu neno hilohilo la Kireno, kama wengi wanavyolieleza, ndilo lililozaa gereza.

Wapenzi wa bahari za ushairi watanisamehe nikikaa kidogo hapa. Wamelei wana syair, beti za mishororo minne yenye kina kimoja cha mwisho, na Hamzah Fansuri wa Sumatra, wa karne ya 16, ndiye anayetajwa sana kuwa mwasisi wake. Jina ni ndugu wa shairi letu. Lakini iliyonishika ni pantun, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2020 kuwa urithi wa Indonesia na Malaysia kwa pamoja. Nayo ina mishororo minne, ila vina vyake hupishana: wa kwanza na wa tatu, wa pili na wa nne. Mishororo miwili ya mwanzo huitwa pembayang, kutoka bayang, kivuli. Huchora mto, ndege au mti, kana kwamba haihusiani na lolote. Miwili ya mwisho ni maksud, na hilo sina haja ya kulitafsiri. Sisi hudai ubeti ushikamane tangu neno la kwanza. Wao hukubali kivuli kitangulie mwenye kivuli, na naona wamepata kitu ambacho malenga wetu wangefaa kukijaribu.

Toka milimani tulishuka hadi Kuala Besut, tukavuka kwa boti hadi visiwa vya Perhentian. Henti ni kukoma mwendo. Per- na -an hulibana neno pande mbili likawa mahali. Sisi kutoka kutua tungesema Vituo. Mwenye boti alinieleza kuwa kuanzia Novemba hoteli nyingi hufungwa kwa sababu ya musim, upepo wa kaskazini-mashariki. Nikamjibu kupitia mkalimani wangu wa miaka minane kwamba upepo wa majira hayo nasi tunao pwani, tunauita kaskazi, na kwamba tuna msimu pia. Mkalimani alitafsiri, kisha akaongeza mwenyewe, bila kuulizwa: "Bibi yangu ni cikgu." Mwalimu.

Jioni, kasa wakichungulia majini karibu na gati, nilimtungia pantun ya Kiswahili:

Ukungu watanda huko milimani,
Mchuma majani avuka kijito;
Neno la nyumbani halikai ndani,
Lisipotamkwa na wake watoto.

Aliuliza kijito ni nini. Sungai kecil, nikamwambia, mto mdogo. Akaniarifu kuwa shuleni pantun haiachwi hivihivi. Anayetungiwa lazima ajibu. Nikamwambia namsubiri.

Nimesharudi nyumbani. Juzi binti yangu alinitumia sauti yake kwenye simu. Mizani zinapwaya, na neno moja ni la Kimalei, lakini vina vya pembayang vimepishana vizuri: kuna kasa, kuna boti, kuna bibi aliyelowa viatu. Kasoma mishororo miwili tu, akasema maksudi bado anaitafuta.