Mwani wa Paje na Hesabu ya Kaya

Ukitoka mjini Unguja kuelekea pwani ya mashariki, barabara hupita msitu wa Jozani, kisha ardhi hugeuka mawe. Watu wa Paje na Jambiani hawakupewa udongo wa kutosha. Muhogo wao huota baina ya majabali. Bahari ndiyo shamba.

Tulifika wakati wa bamvua, maji yamekupwa mbali. Wanawake walikuwa wameinama, wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa baina ya vijiti. Kilimo hiki kilianza hapa kibiashara mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Mwani ukishakauka huuzwa kwa kilo na kusafirishwa ng'ambo, ambako hutolewa ute wa kugandishia dawa ya meno na aiskrimu. Mkulima hapangi bei, huambiwa.

Tulimwuliza bibi mmoja fedha ya mwani ilimfaa nini. Akataja mabati, madaftari ya watoto na godoro. "Nilinunua mimi, wanangu," akasisitiza. Ana haki ya kusisitiza. Sharia yetu inamtambua mke kuwa mmiliki wa chumo lake, ilhali takwimu huijumlisha kaya nzima kama mfuko mmoja. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2019/20 ulionesha kuwa asilimia 25.7 ya Wazanzibari ni maskini wa mahitaji ya msingi, kutoka 30.4 mwaka 2014/15. Ni nafuu, hatubishi. Lakini mfuko umo mkononi mwa nani, jedwali halisemi.

Nayo bahari imezidi joto. Kotonii, mwani wenye bei bora, hufa katika maji mafupi. Penye kina hustawi, ila huko kwataka chombo na kujua kuogelea, na wengi wa mama hawa hawakufundishwa. Wamebakiwa na spinosamu, wa bei duni.

Hatua chache kutoka kwenye vijiti zimejipanga hoteli. Wageni husimama juu ya ubao wakivutwa na tiara, na bei ya chumba cha usiku mmoja katika baadhi ya hoteli hizo hupita malipo ya mwani wa mwezi mzima. Vijana kadhaa wamepata kazi humo, nyingine za msimu tu.

Zamani mwani ulianikwa mchangani. Siku ile tuliwaona wakiubeba kichwani, mbichi, ukichuruzika maji, wakizunguka ukuta wa hoteli hadi nyuma ya nyumba zao.