Waja Leo, Utarudi Kesho?

Msomaji wangu, kama hujawahi kupanda basi la Tanga, basi hujawahi kuuziwa chungwa ukauzika.

Pale Segera, njia panda ambapo wenzetu wa Moshi na Arusha wananyoosha na sisi wa Tanga tunakata kulia, basi halijasimama sawasawa tayari madirisha yamejaa mikono. Korosho, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji baridi, machungwa ndani ya neti. Kijana mmoja akaja dirishani kwangu. Hakutaja bei. Alishika nusu ya chungwa, akaliminya taratibu mbele ya macho yangu mpaka maji yakamchuruzika mkononi. Mate yakanijaa. "Sista, sukari tupu hii." Elfu mbili ikanitoka kabla sijafikiri.

Tulipofika Hale nikaifungua neti. Mawili ya juu, asali. Ya chini yote, ndimu zilizovaa koti la chungwa. Nikataka kufoka, nikajiuliza nimfokee nani? Yule kijana anajua, na mimi najua, kwamba hatutaonana tena. Yeye anauza kwa mtu anayepita. Ana sekunde chache tu, na amezipangia vizuri kuliko makampuni mengi yenye ofisi za viyoyozi.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani yangu akanitazama vibaya. Sikujua kwamba chungwa lile litakuja kunisaidia mbele ya safari.

Niseme ukweli, safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Nilikuwa nafuata deni. Mama yangu mdogo anakaa Ngamiani, zile barabara za Tanga zenye namba badala ya majina, ambako ukipotea unahesabu tu. Anatengeneza achari ya maembe. Achari yake, jamani, ukiila na wali wa nazi unaweza kusahau ulikotoka. Mwaka jana alinikopa shilingi laki mbili za kukuza biashara. Nikampa, nikijua mwaka hautaisha. Mwaka ukaisha. Simu nikipiga, "Ntakulipa mwanangu, soko bado." Kwa mtu wa fomu foo anayeishi kwa kuandika makala za hapa na pale, laki mbili si hela ya kusahau.

Tanga ikanipokea kama ilivyo siku zote: baiskeli kibao, upepo wa bahari, na ule usemi wao, "Tanga, waja leo waondoka leo", unaosemwa kwa madaha kana kwamba umeshafungiwa mlango. Nikabisha hodi. "Shikamoo mama mdogo." "Marahaba mwanangu, karibu, wajuaje kama nimepika bada?" Nikala. Deni likabaki kooni pamoja na samaki.

Usiku, nikiinama kutafuta kandambili, nikaona siri ya nyumba. Chini ya kitanda kulikuwa na chupa za achari arobaini na sita. Nilizihesabu. Mama mdogo akasimama mlangoni, hakusema kitu. Halafu akasema polepole, "Cherehani nimeshampata mteja. Wiki ijayo ntakupa zako." Ile cherehani ndiyo iliyomsomesha mwanawe. Nikajisikia mdogo kuliko sisimizi.

Basi, kwa aibu, nikajifanya mtaalamu. Niliwahi kuhudhuria semina moja ya ujasiriamali Dar, tukapewa daftari, kalamu na soda, tukafundishwa "mkakati wa masoko". Mambo manne: bidhaa, bei, mahali na matangazo. Mpango huo wa mambo manne uliandikwa na mwalimu mmoja wa Marekani, Jerome McCarthy, katika kitabu chake cha mwaka 1960, na mpaka leo dunia nzima inaukariri. Mimi katika yale manne nililikumbuka moja tu, matangazo. Nikamwambia mama mdogo tupige fulana, tuweke bango, tukodi gari la spika lizunguke kuanzia Barabara ya Kwanza mpaka mwisho.

Akanitazama. "Mwanangu, wataka kuniwekea ngoma mlangoni na mie sijaolewa?"

Kesho yake jioni akanituma mkate wa mofa, barabara ya tatu kutoka pale. Nikakuta foleni. Mama muuzaji kakaa juu ya kigoda, hana bango, hana hata meza ya maana. Kila anayefika anaitwa kwa jina la mwanawe: mama fulani, baba fulani. "Leo wachukua mitatu, mgeni keshaondoka?" Mtoto akitumwa anapewa kipande cha nyongeza. Kabla ya Isha kapu tupu, anakunja kitambaa chake, anakwenda zake. Nikamuuliza kwa heshima anajitangazaje. Akanionyesha kwa kidevu mtoto mmoja aliyekuwa anaondoka na mikate ya moto, harufu imeijaza barabara nzima. "Tangazo langu lile, latembea."

Hapo ndipo chungwa la Segera lilipogonga kichwani. Yule kijana wa dirishani na huyu mama wa mofa wote ni wafanyabiashara hodari, lakini hawauzi kwa mtu mmoja. Kijana anamuuzia wa waja leo waondoka leo. Kazi yake ni kuvutia macho haraka. Mama anamuuzia wa kurudi kesho, na keshokutwa, na mwaka ujao. Akimchomekea mkate mbichi hata siku moja, mtaa mzima utajua kabla ya kulala. Mkakati, ndugu yangu, haianzii kwenye spika. Unaanza na swali: huyu ninayemuuzia anapita au anarudi?

Nikarudi na mofa na maneno mengi. Tukakaa mkekani, tukafungua daftari.

Kwanza, bidhaa. Achari haina kasoro. Kasoro iko kwenye chupa. Mama mdogo ananunua chupa zilizotumika, anaziosha, anazichemsha, lakini karatasi za zamani zimegoma kubanduka. Kwa hiyo mtu anakula achari ya Ngamiani, analamba vidole, halafu anasifia kampuni ya mayonezi! Jina lake mwenyewe halipo popote. Wakati kanga aliyojifunga pale pale, pembeni yake pameandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla". Hao ni kina Kaderdina wa Mombasa, duka lililoanza mwaka 1887, na mpaka leo mama wa Tanga akiingia dukani anaweza kuitafuta alama ile kwanza, maneno ya kanga baadaye. Zaidi ya miaka mia wanatangazwa bure, viunoni na mabegani. Mama mdogo akaitazama kanga yake kama anaiona mara ya kwanza. "Kumbe mie nambeba Abdulla bure siku zote hizi."

Pili, bei. Hapa ndipo tulipokaribia kulia. Tukaandika gharama za chupa arobaini: maembe 20,000, mafuta 15,000, viungo 10,000, chupa 20,000, mkaa 6,000. Jumla 71,000, yaani chupa moja imemgharimu shilingi 1,775. Anaiuza 2,000. Faida shilingi 225. Siku tatu za kumenya, kuanika na kukoroga, chupa zote arobaini zikiisha, anapata 9,000. Na hapo hujamhesabia mgongo wake.

"Kwa nini elfu mbili, mama mdogo?"

"Kwa sababu jirani naye auza elfu mbili."

Wangapi mjini tunapanga bei kwa kuchungulia dirisha la jirani, bila kujua kama na yeye anakula hasara?

Tatu, mahali. Nikamuuliza zamani alikuwa anaziuza wapi. Akasema kulikuwa na mgahawa mmoja, unachukua chupa thelathini kila wiki, wakamwambia asihangaike na wateja wengine. Hakuhangaika. Mgahawa ukabadilisha mwenyewe, mwenyewe mpya hataki achari. Ndiyo asili ya zile chupa za uvunguni. Mteja alikuwa mmoja, na mmoja akiondoka wamekwisha wote.

Sasa hilo halipaswi kumshangaza mtu wa Tanga. Toka nje ya mji uone mashamba ya mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja, ikafika hai 62 tu, na kutoka hiyo 62 pwani hii ikajaa mkonge. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, hakuna aliyetufikia duniani. Wakaja wenye kamba za nailoni, wanunuzi wakahama, mashamba mengi yakataifishwa na uangalizi ukalegea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hata tani 30,000 hatufikishi. Siku hizi mkonge unafufuka, lakini waulize wazee wa Tanga ilikuwaje mji mzima kutegemea kamba moja.

Na dawa yake nayo iko hapo hapo mjini. Wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa, kila mmoja na lita zake chache ambazo zikilala zinaharibika, waliungana mwaka 1993 kwenye chama chao kikuu, TDCU, na miaka michache baadaye kikaja kiwanda cha Tanga Fresh. Leo maziwa ya Tanga yanauzwa mpaka Dar, kwenye pakiti yenye jina la mji. Hakuna mfugaji mwenye ng'ombe wawili ambaye angefika huko peke yake na ndoo yake.

Basi tukapanga hivi. Kwa wa kurudi, yaani majirani: achari kwenye vipakiti vya shilingi 500, mchana wakati wali unapakuliwa, na nyongeza kwa mtoto anayetumwa. Nani ana elfu mbili ya achari katikati ya mwezi? Mia tano ipo. Kwa wa kupita, yaani abiria wa stendi ya Kange: chupa mpya yenye karatasi ya jina, 3,500, mtu aipeleke Dar kama zawadi ya Tanga. Mama mdogo hatakaa stendi na magoti yake yale. Tukampata dada anayeuza mikate kule, tukakubaliana mia tatu kwa kila chupa itakayotoka.

Jina la kwenye chupa lilileta ugomvi. Mimi nilitaka la Kizungu, lipendeze supamaketi. Mama mdogo akasema, "Andika Achari ya Ngamiani, na namba yangu ya simu. Ikiwa chachu, wanipigie wanitukane." Nikaufyata. Ile namba ya simu ndiyo tofauti kati yake na kijana wa Segera.

Usidhani mambo yalinyooka kama sinema. Siku ya kwanza Kange zilitoka chupa tatu. Tatu! Dada wa mikate alikuwa amezipanga nyuma ya mikate, abiria hawazioni. Siku ya pili tukaiga la Segera: chupa moja wazi mbele, vipande vya muhogo wa kuchemsha, mtu anaonja. Zikatoka kumi na moja. Vile vipakiti vya mtaani vikaisha siku zote mbili kabla ya saa nane. Matangazo yetu yote yaligharimu muhogo wa elfu mbili na picha moja niliyoiweka kwenye status ya WhatsApp.

Supamaketi? Ipo siku. Lakini huko wanataka alama ya ubora ya TBS, na njia ya mtu mdogo kufika huko ni kupitia SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu mwaka 1973. Nimemwandikia kwenye daftari, ukurasa wa mwisho. Kwanza hesabu zikae sawa.

Asubuhi ya kuondoka mama mdogo akanipa bahasha. Shilingi elfu arobaini. "Zilizobaki waja kuzichukua mwenyewe, usitume mtu." Cherehani ilikuwa bado pale pale dirishani, imefunikwa kitambaa cha maua. Yule mteja wake aliambiwa asubiri, na mimi sikuuliza asubiri mpaka lini.

Nikapanda basi na chupa mbili mapajani. Segera tena, madirisha tena, mikono tena. Yule kijana wangu akaja na nusu chungwa lake. Nikamwambia, "Kaka, juzi yale ya chini yalikuwa machachu." Alishtuka, nadhani hakuna abiria aliyewahi kumrudia. Akacheka, akachomoa machungwa matatu kwenye neti nyingine, akayarusha mapajani kwangu bila kudai hata senti.

Nimeyala yote. Matamu.

Haya, laki moja na sitini bado iko Tanga. Nimeshakata tiketi ya mwisho wa mwezi. Mwenye kutaka achari aniambie mapema, na bei ni 3,500, msianze kuniomba ya ujirani!