Windows 10 Imestaafu: Je, Saiba za Eastlands Zihamie Linux?

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nataka tuzungumzie swali ninaloulizwa sana hapa Umoja tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kama kawaida: "Wewe unaandika programu, sasa hizi mashine zetu tuzifanyie nini?"

Anayeniuliza zaidi ni mama mmoja mwenye saiba karibu na soko la Mutindwa. Ana kompyuta 6 za mtumba, zile tunazoita ex-UK. Prosesa zake ni za Intel, kizazi cha 4, RAM ni GB 4. Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa kawaida prosesa ya Intel iwe ya kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine hazijaharibika, zinawaka kila asubuhi. Ila kununua 6 nyingine ni karo ya watoto. Kwa hivyo huu si ule ubishi wetu mafundi wa nani mkali kuliko nani. Hapa ni unga wa mtu.

Mimi ni mtu wa Linux, mnajua. Lakini nitajaribu kupiga hesabu bila upendeleo.

1. Bei

Wapenzi wa Linux huanzia hapa: Linux ni ya bure, Windows inauzwa. Huku Eastlands hoja hiyo haikuwahi kumshtua mtu, kwa sababu Windows nayo tuliipata bure. Fundi alikuja na CD iliyoandikwa "XP" kwa kalamu, ukalipia kazi ya mikono yake tu. Ukipewa bure mbili, utachagua ile unayoijua.

Tena Linux ilikuwa na gharama iliyojificha: intaneti. Kabla nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na programu za Linux nyingi ulipaswa kuzishusha mtandaoni. Mradi wa Ubuntu, ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ulijaribu kutuokoa kwa kutuma CD bila malipo kupitia posta, hadi mwaka 2011. CD ilifika. Masasisho hayakuja kwa posta.

Leo mambo ni tofauti. Unashusha faili moja la GB kadhaa, unaliweka kwenye flashi, unahudumia mashine zote 6, na hakuna atakayekudai leseni. Ushindi: Linux.

2. Virusi

Saiba ni hospitali ya flashi. Mteja anakuja kuprinti CV, kumbe amebeba mdudu. Mnakumbuka Conficker ya mwaka 2008? Ilisambaa kwa mtandao na kwa flashi pia. Wadudu wengi wa aina hiyo wameandikiwa Windows, kwa hivyo ndani ya Linux wanalala tu. Hiyo haimaanishi Linux ina kinga ya mbinguni. Faili chafu bado linaweza kupita kwako likaenda kumdhuru mteja mwingine.

Hatari kubwa ni Windows isiyopata viraka. WannaCry ilipoisumbua dunia Mei 2017, Microsoft ilikuwa imeshaziba tundu lile mwezi Machi. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuwa na kiraka. Na kwenye saiba wateja huandika nywila za KRA na eCitizen! Ni kweli Microsoft iliwapa watu binafsi mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, lakini huko ni kuahirisha tu. Ushindi: Linux.

3. Kazi yenyewe

eCitizen, HELB, KUCCPS, NTSA: zote ni tovuti. Firefox inazifungua vizuri, iwe juu ya Windows au Linux. Shida inaanzia kwenye Word. CV ya ukurasa mmoja ukiifungua kwa LibreOffice inaweza kumwagikia ukurasa wa pili, na mteja hataki mhadhara kuhusu fonti, anataka CV yake. Kisha kuna zile fomu za iTax zilizotengenezwa kwa Excel na kujaa makro. Printa nazo, nyingine zinakubali papo hapo, nyingine zinagoma. Ushindi: Windows.

4. Lugha

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, na baadaye Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake. Katika saiba zote nilizokaa hapa Eastlands sijaona hata moja ikitumika. Sare.

5. Msaada

Hapa ndipo Linux hupigwa vibaya. Fundi wa Windows yuko kila kona, na vyuo vya mtaani vinavyofundisha "pakeji" hufundisha Windows, Word na Excel. Linux ikikwama Jumamosi saa nne asubuhi, foleni ikiwa mlangoni, mama ataita nani? Mimi. Na nikiwa nimesafiri? Ushindi: Windows, kwa mbali.

Basi ni mbili kwa mbili. Ushauri niliompa ni huu. Asifute kitu kwanza, aijaribu Linux ikiendeshwa kutoka kwenye flashi, printa ikiwa imechomekwa. Ikikubali, mashine 5 zihamie Linux Mint toleo la Xfce, ambalo ni jepesi, zifanye kazi za mtandaoni. Ya 6 ibaki na Windows 10 lakini ing'olewe kabisa kwenye mtandao, ishughulikie Word na zile fomu za makro. Faili likiwa tayari, lihamishwe kwa flashi moja ya saiba, si ya mteja.

Hatua ya mwisho ndiyo ngumu: kijana anayekaa kaunta afundishwe. Hadi sasa mashine 2 zimehama na printa imekubali. Kila Jumapili jioni mimi na kijana huyo tunakaa saa moja, na kibodi anaishika yeye. Siku atakapotengeneza kitu bila kunipigia simu, zile 3 zilizobaki zitahama.