Maeneo Machache

Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, saa nne asubuhi, ving'ora vya jiji la Chicago hulia vyote kwa pamoja. Mtu aliyetoka Kharumwa juzi husimama katikati ya njia akitafuta moshi uko wapi, huku wenyeji wakiendelea na kahawa zao kana kwamba hakuna kilicholia. Ni majaribio tu. Ving'ora hivyo ndivyo vitakavyolia siku kimbunga kikilikaribia jiji, na wenye jiji hawataki kugundua siku hiyo kwamba vimeingia kutu.

Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, kazi ya king'ora inafanywa na bati. Upepo wa mvua ukianza kuchezea kona iliyolegea, kila aliye senta anajua ana dakika chache za kuanua nguo, kukunja turubai lenye udaga na kuongeza jiwe juu ya paa.

Anayetaka kulinganisha sehemu hizi mbili hukwama kwanza kwenye neno. Ukiwa Chicago ukimwambia shangazi kwa simu kwamba huku ni kiangazi na mvua ya radi imeangusha miti, atadhani umechanganyikiwa. Kiangazi cha Kharumwa ni Juni hadi Septemba: vumbi jekundu, visima vinavyoshuka, ng'ombe wanaotembezwa mbali kutafuta maji. Radi huja kinapoisha, joto la Septemba na Oktoba likishapanda juu ya nyuzi 30 na mawingu ya vuli yakaanza kujijenga. Kiangazi cha Chicago ndio msimu wenyewe wa radi. Kwa mwenyeji wa kule mvua ya Julai inaharibu nyama choma ya Jumamosi. Kwa mkulima wa Nyang'hwale mvua ya kwanza ya vuli ndiyo mahindi, na hata ikija na radi hakuna anayeiombea ipite kando.

Na joto? Wengi hucheka wakisikia Mtanzania analalamikia joto la Marekani. Wacheke. Kharumwa iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wake hupoa. Chicago, tarehe 13 Julai 1995, kipimo kilifika nyuzi 41, unyevu ukawa mzito, na usiku haukuleta nafuu. Katika siku chache zilizofuata vifo viliongezeka kwa takriban 739 kupita kawaida. Mwanasosholojia Eric Klinenberg alipofuatilia jambo hilo aliwakuta wazee wengi waliokufa peke yao, milango imefungwa kwa komeo na madirisha hayajafunguliwa. Leo jiji hufungua kumbi zenye viyoyozi, na ukipiga 311 unaweza kuomba mtumishi aende kumjulia hali jirani yako mzee. Mtu wa Kharumwa akielezwa huduma hiyo huuliza swali moja: kwa nini usiende kumgongea mwenyewe?

Lakini sifa za ujirani zisitupumbaze, maana kwenye mvua ya radi hesabu inageuka.

Miji yote miwili inaishi kwa pumzi ya ziwa. Ziwa Michigan lina kilomita za mraba zipatazo 58,000, Ziwa Victoria karibu 68,800. Michigan ni la baridi. Mwanzoni mwa majira ya joto upepo wake huipoza pwani ya Chicago, na mvua kubwa kwa kawaida husafiri kutoka magharibi, kwenye nyanda za Iowa. Rada huiona saa kadhaa kabla haijafika. Victoria lina vuguvugu mwaka mzima, nalo hupika mvua zake lenyewe. Mchana nchi kavu hupata moto kuliko maji, upepo unatoka ziwani kwenda bara, mawingu yanapandana, na ngurumo za alasiri zinaanza. Usiku mambo hugeuka: nchi imepoa, ziwa bado lina joto, pepo za pwani zote zinakutana katikati ya maji na kuinua mawingu ya radi yanayofikia kilele kabla ya mapambazuko. Kwa kuwa pepo za juu husukuma kuelekea magharibi, Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati Shinyanga haifikishi hata nusu yake.

Mwaka 2016 mtafiti wa Ubelgiji Wim Thiery na wenzake walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya kuchunguza ziwa hilo kwa setilaiti: wingi wa mvua za radi za alasiri nchi kavu unaashiria ukali wa zile zitakazotokea ziwani usiku huohuo. Maana yake mawingu ya saa kumi jioni yana habari ya kumwambia mvuvi wa dagaa anayejiandaa kuingia majini na taa zake usiku wa giza, usiku uleule ambao ziwa huchafuka. Mtabiri wa Mwanza, kwa jambo hili moja, ana saa ya ukutani ambayo mwenzake wa Chicago hana.

Kinachopungua ni kumfikishia mtu habari yake, kwa jina la mahali pake. Chicago, tangu 2007, tahadhari ya mvua ya radi huchorwa kama kipande kwenye ramani: mitaa hii, barabara ile, hadi saa kumi na dakika 45 jioni. Upepo ukitarajiwa kufika kilomita 129 kwa saa, simu zilizomo ndani ya kipande hicho hupiga kelele kwa mkupuo, hata ya mtu aliyelala. Utabiri wa nyumbani nao una lugha yake ambayo kila msikilizaji wa redio ameizoea: mvua na ngurumo katika maeneo machache. Machache yapi? Kharumwa imo?

Haki itendeke: Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) haijalala. Ina rada Mwanza, hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu, na imezoesha watu ngazi zake za angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani kuanzia 2017, uliziunganisha Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ili wavuvi wapate utabiri unaowafaa. Mvuvi alifikiriwa. Mchimbaji mdogo aliyeko ndani ya duara, yaani shimo la mgodi, asiyeona hata wingu, bado. Januari 2024 watu 22 walifukiwa na kufa katika mgodi wa Ng'alita, Bariadi, baada ya mvua kubwa kulainisha udongo.

Hata habari ikifika kwa wakati, ushauri wenyewe unaweza usifae. Wamarekani wana kaulimbiu: ukisikia ngurumo, ingia ndani. Kwao imesaidia. Miaka ya 1940 radi iliua zaidi ya watu 300 kwa mwaka nchini mwao. Sasa ni kama 20. Ila nyumba ya Chicago imezungukwa na nyaya za umeme na mabomba ya maji, na radi ikipiga hupita humo hadi ardhini. Nyumba ya tope yenye bati juu haina njia hiyo, kwa hiyo radi hujitafutia nyingine, na mara nyingi njia hiyo ni mtu. Wanafunzi sita waliouawa na radi katika shule ya msingi mjini Geita, Oktoba 2018, walikuwa shuleni. Saba wa Sekondari ya Businda, Bukombe, waliouawa tarehe 27 Januari 2025, walikuwa shuleni pia, na makumi ya wenzao walijeruhiwa. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 kule Mwakata, wilayani Kahama, watu 42 walikufa kwa mvua ya mawe na upepo. Wengi walikuwa ndani, na kuta ndizo zilizowaangukia.

Aliyeliona pengo hili mapema ni daktari wa Chicago, Mary Ann Cooper, aliyefundisha tiba ya dharura Chuo Kikuu cha Illinois na baadaye kuwa miongoni mwa waanzilishi wa ACLENet, taasisi yenye makao Kampala inayofunga mitego ya radi kwenye shule za Uganda. Ilianzia Runyanya, Kiryandongo, ambako radi moja ya Juni 2011 iliua wanafunzi 18. Mtego wa radi ni fimbo ya chuma, waya mnene na shimo la kutosha. Mafundi wa Geita wanaochomelea mashine za karasha usiku na mchana hawawezi kushindwa kazi hiyo wakielekezwa vipimo.

Oktoba, saa kumi jioni Kharumwa ni saa mbili asubuhi Chicago. Mtoto aliyeko ng'ambo hupiga akiwa kwenye treni ya kwenda kazini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema haraka, wingu limesimama huku upande wa Geita."

Mtoto ameshasoma kwenye mtandao kwamba kuna angalizo kwa mikoa ya Kanda ya Ziwa, anataka kumsomea. Mama yupo nje, pipa linasikika likiburuzwa kuwekwa chini ya mchirizi, mtu anaitwa aje afunike kioo. Kisha ngurumo ya kwanza, karibu sana. Kwa imani ya wengi simu huvuta radi. Wataalamu wanasema si kweli, simu ya mkononi haiiti radi. Lakini mama haombi ushauri hapo, anazima.

Mtoto anapiga tena. Mteja wa namba unayopiga hapatikani kwa sasa.