Bango Tupu

Klabu yetu ya filamu ilinipa siku mbili nitengeneze bango la Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Nikajaza kila kitu: Yasmin, Denge, majahazi, bendera ya Mwingereza, fonti 4. Rumeti akachungulia. "Mwanangu, hili bango au mnada?"

Iliniuma, ila alisema kweli. Nikaanza kufuta leya mojamoja, huku najiuliza filamu inahusu nini hasa. Binti anaikimbia ndoa asiyoitaka. Hapo nikamkumbuka dada yangu, aliyeozwa akiwa kidato cha 2.

Nikabakiza ukurasa mweusi na mlango mmoja. Kwa brashi kavu, ile inayoacha mikwaruzo, nikapitisha mstari wa njano pale mlango ulipoachwa wazi kidogo. Jina la filamu nikaliweka chini kabisa, herufi nyembamba, nyeupe.

Wenzangu wakasema bango tupu. Nikamtumia dada kwenye WhatsApp. Hajaiona filamu hiyo. Baada ya muda akajibu: "Ameshatoka, au bado yumo?"

Sikugusa tena kitu.