Tumaini la Aliyeshuhudia

Wahenga walinena kwamba mnyonge hana haki. Usemi huo uliiafiki vyema timu ya taifa ya kriketi ya Kenya mwishoni mwa karne iliyopita. Katika Kombe la Dunia la 1999 ilicheza mechi tano, ikashindwa zote. Je, ni nini kilichoifikisha timu iyo hiyo katika nusu fainali miaka minne baadaye?

Jibu halikamiliki bila kumtaja kocha wake, Sandeep Patil kutoka India. Patil husifiwa kwa kuwapandikizia wachezaji wa Kenya imani kwamba hata wao waweza kushinda. Imani hiyo hakuiokota vitabuni. Mnamo 1983 alikuwa mchezaji wa India katika fainali ya Kombe la Dunia jijini London. India ilipata mikimbio 183 tu dhidi ya West Indies, mabingwa wa 1975 na 1979. Aghalabu idadi hiyo ingehesabiwa kuwa kushindwa. Hata hivyo, West Indies waliangushwa wote kwa mikimbio 140. Basi tumaini la Patil halikuwa maneno matamu ya kubembelezea mtoto. Lilikuwa ushahidi wa mtu aliyekuwapo mnyonge alipotwaa haki yake.

Tarehe 24 Februari 2003, katika uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Kenya ilikutana na Sri Lanka, mabingwa wa 1996. Kenya ilipata mikimbio 210. Kisha kijana Collins Obuya akaangusha wiketi tano kwa mikimbio 24, na Sri Lanka wakakomea 157. Mcheza kwao hutuzwa! Siku 19 baadaye mjini Durban, Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa mwenye umri wa miaka 39 ambaye alikuwa amekwisha kustaafu, aliangusha wiketi tatu za Australia kwa mikimbio 7 pekee. Australia ilishinda siku hiyo, lakini haikushinda kwa dharau.

Mgala muue na haki yake umpe. New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi za mechi hiyo bila jasho. Hata hivyo, bahati haikuangusha wiketi za Sri Lanka, wala haikuwashinda Bangladesh na Zimbabwe. Kenya ikawa timu ya kwanza isiyo na hadhi ya kucheza mechi za Test kufika nusu fainali. Huko ilishindwa kwa mikimbio 91 na India, nchi iliyomzaa kocha wake.

Yaliyofuata yanatia simanzi. Badala ya kupanda, kriketi ya Kenya iliteremka, na mnamo 2014 nchi ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Je, tumaini la Patil lilikuwa la uongo? La hasha! Kocha aliwasha taa. Kuitia mafuta ilikuwa kazi ya wenye nyumba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mtu mmoja aweza kuwaaminisha kumi na mmoja kwamba wanaweza, lakini imani hiyo huhitaji viwanja, malezi ya chipukizi na uongozi mwadilifu ili irithiwe. Pasipo hayo, ushindi hubaki kuwa hadithi tamu ya jana.